Ninauliza Tu

Wiki iliyopita kazini kwetu tulikuwa tunasoma makala ya maoni iliyoletwa na mtu mmoja kuhusu wanawake wanaouza chakula kando ya barabara. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake mama mmoja alikuwa ameshawasha mbabula, jiko lake la makaa. Mafuta ya mawese yalikuwa yamefika pale yanapoacha wekundu wake na kuanza kutoa moshi. Mwenzangu alisoma mstari wa mwisho kwa sauti: "Simhukumu mtu. Ninauliza tu." Wengine wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema bwana huyu anajua kumaliza. Mimi nikainuka, nikatoka nje kunawa uso. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, ninahudhuria misa kila Jumapili, na harufu ile pamoja na maneno yale mawili ya mwisho bado yanaweza kunirudishia hasira yote niliyokuwa nayo katika mwaka wa tano wa shule ya msingi.

Tulikaa katika mtaa wa Bigo, katika nyumba ya matofali mabichi iliyopakwa udongo mweupe nusu ya chini tu, kwa sababu udongo uliisha. Baba alikuwa na meza ndogo na mashine ya kuandikia mbele ya ofisi za serikali. Watu waliokuja na shida zao walimweleza, naye akazigeuza kuwa barua. Alipenda "kwanza" na "pili". Alipenda vifungu vya sheria. Nyumbani hata akitaka chumvi alikuwa anatoa sababu. Mama alitoka upande wa Mahagi, binti wa wavuvi wa ziwani, na alikuwa anakaanga mandazi mbele ya lango la shule yetu pamoja na wanawake wengine wachache. Kila asubuhi alijifunga kitambaa chekundu kichwani, ili majivu yasiingie kwenye nywele. Hakuna mtu aliyemwita kwa jina. Watoto, wazazi, hata walimu, wote walimwita Mama Mandazi, naye aliitika.

Mwalimu Faustin alifundisha mwaka wa sita. Alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ilionekana kama ukingo wa kitabu, na sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu anayekuambia siri. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Uani alikuwa na kisima chenye gurudumu la kuvutia kamba, na mke wake, Mama Noela, aliwaacha watu wote wa njia yetu wachote bila neno. Mama alichukua huko maji ya kukandia unga. Ninataja hayo mapema kwa sababu yana maana.

Mwaka ule ugonjwa wa kuhara uliingia katika mtaa. Mtoto mmoja mdogo akafa, wa nyumba za chini, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku ya mazishi wanawake wa mandazi hawakuwasha moto. Mama alienda kulia pamoja na wengine, akabeba hata kuni za kilio. Ndipo watu wakaanza kubishana. Wengine walitaka wanawake wafukuzwe mbele ya shule. Wengine walisema watoto watakula nini saa nne, maana wengi walikuwa wanatoka nyumbani bila kitu tumboni. Radio ya mtaa ilikuwa na kipindi cha Jumamosi mchana ambamo watu walipeleka maandishi yao juu ya jambo kama hilo, yakasomwa. Kilikuwa kinaitwa kwa Kifaransa, tribune. Mimi masikio yangu yalikuwa yanajua neno lingine la Kifaransa, lile la mahakama, tribunal, na nilikuwa na hakika ni kitu kimoja.

Jumamosi hiyo radio ya duka la jirani ilifunguliwa kwa sauti ya juu, nami nilikuwa pale. Mwalimu Faustin alisoma mwenyewe. Hadi leo ninaweza kuyasema maneno yake bila karatasi. Hakuanza na ugonjwa. Alianza na viatu. "Mlangoni kwa jirani yangu," alisema, "viko viatu viwili vidogo. Mwenyewe hatavivaa tena." Halafu akanyamaza, na kimya kile kikapita katika duka lote. Kisha akasema "sisi." Sisi wazazi. Sisi tunaopenda watoto wetu. Akaja na maswali, moja nyuma ya lingine, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi: Mafuta yale yanabadilishwa lini? Maji yale yanatoka wapi? Yule mama mwenye kitambaa chekundu, ambaye watoto wetu wanamkimbilia kila asubuhi, ananawa mikono? Mtoto wetu alikula nini siku ile ya mwisho? "Simhukumu mtu," akamaliza. "Ninauliza tu."

Watu wote dukani wakageuka kunitazama.

Nilikimbia nyumbani. Nilichukua mfuko wa plastiki, nikatia kipande cha sabuni, kikwembe kimoja cha mama, na sahani yake. Niliwaza kwamba amekwisha kuhukumiwa na tribune, polisi watakuja, na huko gerezani hawapewi sabuni. Mama alinikuta nikikunja kikwembe cha pili.

"Unaenda wapi na nguo yangu?"

"Siyo mimi," nikamwambia. "Ni weye. Wamekuhukumu mu radio."

Alicheka kwanza. Baba hakucheka. Alinikalisha, akanieleza. "Tribune siyo tribunal. Tribune ni pahali kila mutu anasema mawazo yake. Hakuna jaji pale."

"Na adhabu, nani anatoa?"

"Adhabu haiko, mutoto wangu. Ni maneno tu."

Jumatatu hakuna mtoto aliyenunua. Jumanne wakaanza kuimba wimbo juu ya mama na choo, wimbo ambao sitauandika hapa. Jumatano asubuhi wazazi, wanaume kwa wanawake, walifika langoni pamoja. Hakuna aliyewatuma. Nilikuwa katika mstari wa kuingia darasani. Waliwaambia wanawake waondoke, mmoja akajibu vibaya, na mguu wa mtu ukasukuma mbabula ya mama. Karai likapinduka. Mafuta yalimwagika juu ya mguu wake wa kushoto kutoka goti hadi kisigino. Hakupiga kelele. Alitoa sauti fupi tu, kama mtu aliyemeza kitu cha moto, akakaa chini katika vumbi jekundu, na mandazi yakiwa yametawanyika kumzunguka. Juu, kwenye baraza ya mwaka wa sita, Mwalimu Faustin alikuwa amesimama na chaki mkononi. Alitazama. Kisha akaingia darasani na kufunga mlango.

Hapo nilielewa kwamba baba ndiye aliyekosea. Adhabu ilikuwepo. Jaji ndiye hakuonekana.

Baba akaandika jibu lake. Alikaa nalo siku tatu. Mama alikuwa amelala mkekani, mguu umefungwa bandeji za dispensari, na chumba chote kilikuwa kinanuka dawa na ngozi iliyoungua. Mimi nilikuwa ninasimama nyuma ya baba, nikisoma juu ya bega lake. Kwanza, aliandika, mtoto marehemu hakuonekana na mtu yeyote akinunua mandazi siku hiyo. Pili, nyumba nyingine zilizopata ugonjwa hazina watoto katika shule ile. Tatu, hakuna mtu anayeweza kufukuzwa katika kazi yake bila kusikilizwa. Yote yalikuwa kweli. Yote yalikuwa sawa, kama matofali yaliyopangwa na fundi mzuri.

"Baba, weka mguu wa mama," nikamwambia.

"Hapana."

"Weka namna alikaa chini. Weka namna hakulia."

Aliacha mashine, akanitazama. "Muguu ya mama yako siyo hoja. Maumivu siyo ushahidi. Mutu akikubali neno langu sababu ya huruma, kesho atakubali neno ya mwingine sababu ya huruma vilevile."

Jumamosi mtangazaji alilisoma jibu la baba haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea. Dukani watu waliendelea kuongea. Mtangazaji alipofika "pili", mwenye duka akapunguza sauti ya radio ili asikie mteja. Jirani yetu mmoja, mama mwema kabisa, aliniambia kwa upole: "Baba yako anasema kweli, lakini anaongea sawa karatasi."

Maneno hayo yalinichoma zaidi ya wimbo wa choo. Andiko la Mwalimu Faustin lilikuwa limenakiliwa na kubandikwa ukutani mwa shule. Nikalibandua nikaenda nalo nyumbani. Nakala ya baba niliitoa katika jalada lake. Kwa siku nyingi baada ya masomo nilikuwa ninalala kifudifudi sakafuni na karatasi mbili mbele yangu, nikizilinganisha kama mtu anayelinganisha visu viwili. Baba alikuwa anasema "mtu", mwalimu alikuwa anasema "sisi." Baba alitoa majibu, mwalimu aliwaachia watu wayatoe wenyewe, na jibu ambalo mtu amelitoa mwenyewe halitoki tena kichwani. Baba alihesabu nyumba nyingi zenye wagonjwa. Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja tu, tena hata siyo mtoto, viatu vyake. Baba alitaja majina na vifungu, ukaweza kumpinga. Mwalimu hakutaja kitu. Ungemshitaki kwa nini? Aliuliza tu. Sikuwa na maneno ya kitaalamu ya mambo hayo, na hata leo ninapoyasikia kazini yananipita. Lakini nilijua kila kisu kinakata upande gani.

Ndipo nikafikiria kisima.

Choo cha Mwalimu Faustin kilikuwa upande wa juu wa ua wake, na kisima upande wa chini. Hilo lilikuwa kweli, kila mtu aliyechota maji alikuwa ameliona bila kuliona. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Nilirarua karatasi katikati ya daftari, nikaandika. Nilianza na kikombe. Kikombe cha bati cha mdogo wangu, nilisema, ambacho hataki tena kukinywea kwa sababu siku moja aliona ndani yake kidudu cheupe kikiogelea. Mdogo wangu hakuwa na kikombe kama hicho. Sikuwa hata na mdogo. Kisha nikaandika "sisi watoto." Sisi watoto tunaokunywa tunachopewa na wakubwa. Halafu maswali: Maji ya mandazi yalikuwa yanatoka wapi? Kisima kile chenye gurudumu kinakaa mbali gani na choo? Mwenye kisima, anayejua kuuliza wengine, amejiuliza? Nikamaliza: "Simhukumu mtu. Ninauliza tu." Nikatia sahihi, Mtoto wa Bigo, na nikaitumbukiza katika sanduku la radio lililokuwa dukani.

Walimpa msichana mwenye sauti nyembamba aisome. Alipofika kwenye kikombe, nilimwona mwenye duka akiongeza sauti.

Sitadanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri, vizuri hadi miguuni. Jumapili hakuna aliyeenda kuchota. Jumatatu vijana walikuja na mawe na kifusi, wakakijaza kile kisima hadi juu, na gurudumu wakalivunja. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto kutoka mwaka wa sita. Darasani kwake wanafunzi walikuwa wanainua mkono na kusema, "Mwalimu, nauliza tu," kisha darasa zima linacheka. Mtu mmoja alimwita mwuaji mbele ya lango, pale pale mama alipokaa katika vumbi. Mama Noela, aliyekuwa anatuachia maji bila neno, akawa anateremka hadi chemchemi na kupanda tena na bidoni, dumu la maji, kichwani, jasho likimtoka, shingo imekaza. Njia yake ilipita mbele ya mlango wetu. Nilikuwa ninatoka kusimama mlangoni kila alipopita. Ninasema hili kwa sababu ni kweli: sikutoka kumsaidia, nilitoka kumtazama. Siku moja alisimama, akashusha bidoni apumzike, akaniuliza mama anaendeleaje na mguu. Nikamjibu, "Anapona." Nikamwacha ainue bidoni peke yake.

Alasiri moja baba akiwa kazini, Mwalimu Faustin mwenyewe aliingia uani kwetu. Shati lake halikuwa limepigwa pasi. Nilikuwa ninaosha maharage. Mama alikuwa ndani, mguu juu ya mto, mlango wazi.

"Hodi," akasema. "Ni weye uliandika."

Niliendelea kuosha maharage.

"Usiogope. Sikuya kukupiga." Alichuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Kikombe, ulifanya muzuri. Ila swali ya tatu ilipaswa kuwa ya kwanza. Ile ndiyo inauma zaidi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa matusi, hata kwa machozi yake. Sikuwa nimejiandaa kusahihishwa. Nilimchukia wakati ule kuliko siku ya mafuta.

"Kile kidudu, ulikiona?" akauliza.

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa. Alitazama mlango, akashusha sauti. "Na mimi sikuona mutoto ule akikula mandazi. Mama yake aliniambia, kabla ya siku ile ya radio, ya kuwa mutoto alikuwa analala na homa siku mbili, hata shule hakufika. Nilijua."

"Basi uende useme mu radio!" Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Kama ulisema ile, sema na hii!"

"Nilienda." Alitoa karatasi mfukoni. "Walinirudishia. Wanasema kila mutu atafikiri natafuta kujiosha juu ya kisima. Nani atanisikia sasa?"

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Katika mtaa wote mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na neno la kumsafisha mama, na mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hakuna atakayemwamini. Niliisikia ile habari ikishuka ndani yangu kama jiwe katika kisima, ila haikufika chini. Hasira ilikuwa bado imejaa mle.

Aliacha karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa, akatoka. Niliisoma. Ilikuwa kavu. Kwanza, pili, tatu. Haikuwa na kiatu wala swali hata moja. Ungefikiri baba ndiye aliyeiandika.

"Lete," mama akaita kutoka ndani. Alikuwa amesikia yote. "Unisomee."

Nilimsomea nikiwa nimesimama kando ya mkeka. Nilisoma namna mtoto alivyokuwa na homa, namna mwalimu alivyojua, namna mama mmoja mwenye kitambaa chekundu hakuwa na kosa. Mama alisikiliza macho yamefungwa. Nilipomaliza aliniuliza:

"Na jina yangu?"

Nikalitafuta tena, juu hadi chini. "Haiko, mama."

"Kunichafua, hakutaka jina. Kunisafisha vilevile hataki?" Alijiinua kwa viwiko, na nikaona maumivu yakipita usoni mwake. "Juu ya ile ya kisima, mimi na weye tutaongea, usifikiri imekwisha. Sasa kimbia. Mwambie aandike jina yangu, kisha abandike ile karatasi pale alibandika ingine. Radio isome, isisome, haina shida yangu."

Nilimpata karibu na duka, na watu walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje. Nilimpa karatasi. Nikamwambia mama anataka jina lake liandikwe.

Alitoa kalamu. Akaweka karatasi juu ya goti lake, pale pale barabarani, akainama. Kisha akabaki hivyo, kalamu hewani.

"Jina yake ni nani?" akauliza.

Miaka yote hiyo alikuwa akila mandazi yake. Maji ya kuyakandia yalitoka uani kwake. Watu wa benchi waligeuka kututazama. Ningeweza kumnong'onezea. Badala yake nilisimama wima, mikono nyuma, kama yeye alivyokuwa anasimama mbele ya mwaka wa sita siku ya imla, nikalisema jina kwa sauti ya kufika hadi mwisho wa benchi, polepole, nikikata kila kipande:

"Générose. A-fo-yor-woth."

Aliandika. Nikasogea, nikatazama juu ya goti lake. Alikuwa ameacha herufi ya mwisho.

"Kuna H," nikamwambia. "Futa. Anza tena."